Tangazo la Chini ya Daraja

4 Agosti

Mpwa wangu Mkato,

Asali imefika, na peremende za koo zimefika, ingawa dereva wa basi naona alizionja njiani maana pakiti moja ilikuwa imechoka. Asante sana. Daktari amenisisitizia tena kwamba koo ni moja na nichague pa kulitumia. Nimechagua barabarani, kwenye kazi ya kutangaza. Kwa hiyo usinune ukipiga simu nisipopokea. Mimi na wewe ni kalamu, kama siku zote.

Sasa sikia jambo. Meneja wa tawi la kampuni yenu ya bima, yule anayevaa tai hata Jumamosi, amenipa kazi! Nilifurahi nikakaribia kumkumbatia. Nikajisemea, leo gari langu bovu linatangaza kampuni ya mpwa wangu. Nikafuta vumbi spika zote mbili, nikavaa shati la pasi, nikashuka bondeni nikaanza mtaa wa kwanza. Tangazo lenyewe ni hili:

"Tunawafahamisha wateja wetu wapendwa wa maeneo yaliyo chini ya daraja kwamba kampuni inapitia upya wigo wa kinga ya mali ili kuendana na mazingira yanayobadilika. Mikataba itakayofikia ukomo itahuishwa kwa utaratibu ulioboreshwa. Tafadhali endeleeni kutuamini, tafadhali."

Nililisoma vizuri mno, nakuapia. Watu wengine wakapiga makofi. Halafu Mama Mapacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaja kwenye dirisha la gari na beseni la nguo kiunoni akaniuliza, "Mjomba, sasa mvua ikiniingilia ndani mwaka huu, nyumba yangu ina bima au haina?"

Unajua utaratibu wangu. Siondoki kona mpaka nimeulizwa swali moja na nimelijibu. Chanjo ni lini, mtoto aliyepotea kavaa nini, maji yatakatika mpaka saa ngapi. Hili la Mama Mapacha nimelitazama kwenye karatasi juu, chini, na ubavuni. Jibu halimo. Nikazima mashine, nikarudi nyumbani.

Kwa kuwa uko hukohuko makao makuu, nenda kwa huyo aliyeandika umuulize swali la Mama Mapacha. Mwambie mimi sina ugomvi naye, ila ameandika kama mtu anayeongea huku kaziba mdomo kwa mkono.

Hapa nyumbani salama. Nimehamishia kitanda chumba cha mbele, kuna upepo mzuri.

Ni mimi mjomba wako,
Kipaza

11 Agosti

Mjomba Kipaza,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu hapa mezani mpaka mwenzangu wa jirani akauliza kuna nini. Nilimwambia mjomba wangu kavaa shati la pasi. Hakuelewa, na mimi sikujisumbua kumweleza.

Kuhusu aliyeandika, nimemwona. Ni kijana mmoja tu wa kitengo chetu cha mawasiliano, hana ubaya. Kazi zetu zilivyo, mtu anaandika, mkuu wa kitengo anafuta, wanasheria wanafuta kilichobaki, kisha wanaongeza chao, na mwisho anayeandika mwenyewe haitambui karatasi. Wakubwa wanaogopa sana kuzua taharuki. Redioni kila asubuhi ni bima, bima, nani kapandisha bei, nani kakataa kulipa. Kwa hiyo kila neno linapakwa mafuta kabla halijatoka nje.

Nakuomba ulisome tu jinsi lilivyo. Mama Mapacha mwambie apite tawini. Usiwe na wasiwasi kabisa, mjomba wangu, mambo yatakaa sawa.

Lakini chumba cha mbele? Wewe uliyekuwa unasema chumba cha mbele kina kelele za wauza mkaa? Upepo huo umeanza lini?

Nakupenda, na nakuletea asali nyingine.
Mkato

19 Agosti

Mkato wangu,

Marahaba. Sitalisoma. Yule meneja wenu, Tai, alikuja mwenyewe hadi mlangoni, nikamkaribisha maji, nikamrudishia malipo yake kwenye bahasha ileile. Akasema, "Mzee, kazi yako ni kusoma tu." Nikamwambia ndiyo, lakini wanaonisikiliza ni majirani zangu, jioni ninakaa nao kibarazani. Juzi nimetangaza mbuzi aliyepotea. Mbuzi mweupe, sikio moja jeusi, kamba shingoni. Tangazo safi kabisa, na mbuzi kapatikana.

Ila kuna kitu kinaninyima raha. Yale makofi ya siku ile yamezaa matunda. Watu wameshika hilo neno "ulioboreshwa", wanaambizana kampuni inaongeza. Mama Mapacha alikuwa anajaza viroba vya mchanga vya kuzuia maji mlangoni, sasa ameacha, anasema mwaka huu bima imekuwa nzuri zaidi. Mchanga uliobaki wanawe wanachezea. Mimi ndiye niliyemsomea, kwa sauti hii hii.

Nimekumbuka ulivyokuwa mdogo, mama yako alipotuacha ukaja kukaa hapa. Nilikuwa narudi na vikaratasi vya watu, mwandiko wa kuku, wewe unakaa chini ya meza ya chakula unaviandika upya. Ukagundua mwenyewe kwamba mjomba wako anakatika pumzi katikati ya sentensi, ukaanza kunichorea mikwaju midogo, vile vistari vya kuinama, mahali pa kupumua. Nilikuuliza nani kakufundisha. Ukasema, "Nimekusikia." Ndipo nikakupa jina hilo la Mkato, na mpaka leo nikipewa karatasi isiyo na mikwaju naona kama nimepewa barabara isiyo na kona.

Basi. Huyo kijana aliyeandika, umesema hana ubaya. Anakula vizuri? Usingizi anaupata? Mwambie kuna mzee mmoja anamuulizia.

Kabati la nguo nimelisukuma likaegemea ukuta wa nyuma. Linapendeza pale.

Kipaza

27 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Kijana huyo hali vizuri na usingizi haupati. Kijana huyo ni mimi.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Sijui kwa nini niliona aibu kukuambia, wewe uliyenifuta makamasi. Labda kwa sababu nilikuona akilini umevaa lile shati.

Sasa nakujibu swali la Mama Mapacha, na tafadhali kaa kwanza. Mto umejaa misimu mitatu mfululizo. Kuna kampuni kubwa zinazotukatia bima sisi wenyewe wenye kuuza bima, na hizo zimesema basi, nyumba za chini ya daraja hazizitaki tena. Wakubwa wetu wamekubali. Kila mkataba wa bondeni utakapofika mwisho wake, sehemu ya mafuriko itaondolewa. Moto na wizi vinabaki. Karibu mikataba yote ya huko inaisha Oktoba. Kwa hiyo mvua za Novemba zikija, jibu ni kwamba haina. Haina, Mjomba. Na yako pia haina.

Ile bima niliyokukatia kwa mshahara wangu wa kwanza, nikakuletea karatasi yake kwenye bahasha ya zawadi, ukaifungia fremu kama picha ya harusi, ndiyo hiyo. Nilikuambia sasa nyumba hii hata mto ukipanda kitandani hatuogopi. Halafu mimi mwenyewe nikakaa kwenye kiti cha ofisi nikaandika "utaratibu ulioboreshwa". Mkuu wa kitengo alisema tusiwatishe watu, na mimi niliona ni afadhali, kwa sababu sikutaka kuwa mtu wa kukutisha wewe.

Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho lile tangazo limekifunika. Mtu aliyeharibikiwa na mvua zilizopita na hakudai fidia bado ana haki ya kudai, lakini mwisho ni mwisho wa Septemba. Baada ya hapo mlango unafungwa. Mstari huo ulikuwepo kwenye rasimu yangu ya kwanza. Ulifutwa kwa sababu eti utaleta msururu tawini, na mimi sikubisha hata kidogo.

Juzi mkuu aliniita. "Mtangazaji wa bondeni amegoma. Tafuta mwingine." Hajui kwamba ni wewe. Nimeshapewa namba ya jamaa mmoja mwenye pikipiki na kipaza sauti, bado sijampigia.

Sasa na wewe niambie ukweli. Mtu hahamii chumba cha mbele na kusukuma kabati la mninga ukutani kwa ajili ya upepo na mapambo. Nyumba ina nini?

Nisamehe.
Mkato

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, na futa machozi. Nilijua ni wewe tangu siku ya kwanza, kabla sijawasha mashine.

Karatasi aliyonipa Tai ilikuwa na mikwaju. Midogo, kwa penseli, kila mahali ninapopumulia mimi. Baada ya "chini ya daraja" mmoja. Baada ya "kinga ya mali" mmoja, maana hapo huwa nakohoa. Nani mwingine katika dunia hii anajua ninapokohoa? Na ile "tafadhali" mara mbili, uliyokuwa unaiweka hata kwenye tangazo la funguo zilizopotea. Nikajua kabisa mkono ni wa nani. Maneno ndiyo sikuyajua. Niliona nikubane kidogo kidogo, useme mwenyewe. Nisamehe na wewe kwa kukuita kijana.

Haya, nyumba. Ukuta wa nyuma umepasuka, Mkato. Tangu mvua zile. Umeanza chini kwenye msingi, umepanda hadi dirishani, mkono wangu unaingia. Maji yaliingia hadi kwenye magodoro. Kabati liko pale kuziba ufa, siyo mapambo, na chumba cha mbele nakichukia kama nilivyokichukia zamani.

Sikudai kwa sababu yako. Ulikuwa ndiyo kwanza umethibitishwa kazini. Nikaona nikipeleka madai, jina langu litafika huko juu, watasema ahaa, binti kaingia kazini na mjomba kafuata nyuma na kikapu. Nikaona afadhali ufa kuliko wewe kutazamwa vibaya. Nikakuandikia salama, salama, kila barua. Tazama sasa: wewe unanificha nisiogope, mimi nakuficha usione aibu, na ukuta unaendelea kufunguka.

Jana nimekwenda tawini na madai yangu. Tai alikuwa mstaarabu, amesema mkaguzi atakuja.

Lakini nimebaki na mzigo. Uliyoniandikia ni ya ndani ya ofisi. Nikipanda garini niyatangaze, kesho watauliza mzee kayatoa wapi, na kazi yako imekwisha. Mama Mapacha dari lake limebonyea tangu mvua zilezile, na hajadai. Ananiletea maji ya moto ya koo kila asubuhi, ananisalimia, na mimi naitikia naangalia pembeni. Nimewahi kukaa kimya kwa agizo la daktari, ila kimya hiki ni kigumu zaidi.

Kutunga tangazo siwezi, hilo unalijua. Siwezi kusoma kisichoandikwa. Andika, mwanangu. Jamaa wa pikipiki usimpigie kwanza.

Kipaza

9 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Kwanza kabisa, nakugombeza: mkono wako unaingia ukutani na wewe unanisimulia mbuzi! Nikija nitakununia siku nzima, kisha nitapika.

Sasa kikao. Niliomba nafasi Ijumaa. Mkuu wa kitengo, wanasheria wawili, na mama wa kitengo cha madai ambaye huwa hasemi. Nikasimama, nikaanza na kile kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kwamba mtangazaji aliyegoma ni mjomba wangu, na nyumba yake ni mojawapo, na madai yake yameingia wiki iliyopita, wayashughulikie watu wasionijua. Mkuu alivua miwani. Nikasema, naomba nisome tangazo letu kama linavyosomwa barabarani. Nikalisoma kwa sauti yako, ile ya kwenye kona, mpaka mtu wa mapokezi akachungulia. Halafu nikawauliza swali la Mama Mapacha.

Hawakuwa watu wabaya, Mjomba, nataka ujue hivyo. Mwanasheria mmoja akasema jibu limo kwa mbali. Ndipo mama wa madai akaongea. Alisema mwaka juzi kampuni nyingine, aliyokuwa akiifanyia kazi, ilitangaza hivihivi, mafuriko yakaja, na yeye alikuwa ndiye aliyekaa dirishani kuwaambia watu mmoja mmoja. Hakutaka kukaa kwenye dirisha kama hilo tena, ndiyo maana alihama kazi. Mkuu akaniambia, "Andika upya. Nitasoma mimi mwenyewe, leo hii."

Uamuzi wenyewe sikuweza kuubadilisha. Nilijaribu. Niliambiwa hilo liko juu ya vichwa vyetu wote, na naona ni kweli. Kilichobaki mikononi mwangu ni maneno tu. Neno "samahani" wanasheria wamelitoa. Mengine yamepita. Chini nimeweka namba ya simu ya mezani kwangu, siyo ya mapokezi, watu wanipigie mimi. Hili hapa, Tai ana nakala yenye muhuri:

"Wenye nyumba chini ya daraja, / hili ni tangazo la kampuni yenu ya bima. / Mkataba wako ukifika mwisho, / bima ya moto na ya wizi itaendelea. / Bima ya mafuriko haitaendelea kwa nyumba yoyote iliyo chini ya daraja mvua zikiingiza maji ndani baada ya mkataba kuisha kampuni haitalipa. / Angalia tarehe kwenye mkataba wako. / Kama mvua zilizopita zilikuharibia chochote, / ukuta, dari, sakafu, / nenda tawini ukadai kabla Septemba haijaisha. / Bado ni haki yako. / Asiyejua kusoma mkataba / asaidiwe na jirani. / Tafadhali msingoje, / tafadhali."

Lisome pole pole.

Mkato

17 Septemba

Mwanangu Mkato,

Marahaba. Nimelisoma. Kona zote, mtaa wa juu hadi ule wa mwisho unaopakana na mto. Sikuvaa shati la pasi.

Mistari ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha nikafika pale penye "Bima ya mafuriko haitaendelea". Nikatafuta mkwaju, hakuna. Nikaenda mbele, hakuna. Sentensi ndefu kama ukuta wangu, na wewe ambaye hujawahi kuniacha bila pumzi tangu ukiwa chini ya meza hukuchora hata mmoja. Pumzi ikaniishia kwenye "daraja", katikati ya mtaa, spika ikabaki inakoroma. Nikajua ulipofika hapo ulikuwa unalia, penseli ukaiweka chini. Nikasimama. Watu wakadhani mashine imeharibika. Nikapumua kwa ajili yangu na kwa ajili yako, kisha nikaendelea.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alinitukana, nikamwacha anitukane. Wengine walikaa chini pale pale barabarani. Mama Mapacha akaja dirishani, akauliza swali lilelile kwa maneno yaleyale, nadhani alitaka kuhakikisha. Nikazima kipaza sauti, nikamwambia kwa mdomo mtupu, "Haina, mama." Akasema, "Mbona siku ile uliondoka bila kunijibu?" Nikamwambia siku ile sikuwa na jibu, na tangu wiki mbili zilizopita nilikuwa nalo nikalificha, na hilo ndilo baya. Alikasirika, hakuniletea maji ya koo siku mbili. Leo ameleta, hayana moto sana, lakini ameleta.

Jioni hiyohiyo alitoka na viroba, akaanza kujaza mchanga upya. Wanawe walilia, maana ulikuwa mchanga wao. Asubuhi yake msururu ulikuwa tawini hadi barabarani, na Tai amevua tai! Kakunja mikono ya shati, anaandika majina mwenyewe. Dari la Mama Mapacha limeingia kwenye madai. Mkaguzi amefika kwangu pia, tumesogeza kabati pamoja, akaingiza mkono akatikisa kichwa, kisha akaandika kwamba watajenga ukuta upya. Mto hawatauhamisha, najua. Mvua zikija nitakuwa na ukuta mpya na wasiwasi wa zamani, kama kila mtu hapa. Fremu yako nimeiacha ukutani. Ilikuwa zawadi, na bado ni zawadi.

Naambiwa simu yako ya mezani haipoi. Mzee aliyenitukana amekupigia, amerudi anasema kuna binti huko anajibu swali kama alivyoulizwa. Sikumwambia ni wa nani.

Sasa sikia. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, simu yako italia na utaona ni mimi. Usishtuke, sijaugua, hakuna msiba. Jumamosi sitatangaza kitu, nimemwambia mwenye mbuzi, ambaye kapotelewa tena, atafute mtangazaji mwingine. Koo nitalipumzisha siku nzima na asali yako. Kuna jambo nataka kukuambia kwa sauti yangu, na sijaandikiwa na mtu, kwa hiyo nitapumua nitakapoweza.

Pokea.

Mjomba wako